PSU ya "wati 750" kwa elfu 55: dogo, igeuze kwanza usome stika

Swali lenyewe lilikuja hivi: "Kaka habari za kazi. Nipo Tabata, najenga PC ya gemu mdogo mdogo. Mpaka sasa nina prosesa ya Ryzen 5 5600, mazabodi ya B450, ramu 16GB na kadi ya grafiki ya RTX 3060 niliyonunua mkononi kwa mtu. Imebaki pawa sapulai (PSU) tu. Kariakoo kuna jamaa ananipa ya wati 750 mpya kabisa kwa elfu 55, ila rafiki yangu anasema niongeze hela nichukue ya wati 550 yenye jina, ambayo bei yake ni zaidi ya mara tatu. Kwa nini nilipe zaidi nipate wati chache? Kwetu umeme unakatika sana na jioni taa zinafifia. Alafu nina UPS ya zamani (boksi la betri ya akiba) ya 650VA, itafaa? Na swali la mwisho, PC ya sasa hivi nikigusa kasha inanitekenya, ndo shoti hiyo au?"

Poa mdogo wangu. Jibu fupi ni kwamba rafiki yako yuko sahihi, chukua hiyo 550, ila na yenyewe usiichukue kabla hujaikagua vitu viwili vitatu ntakavyokuambia, maana kwa umeme wa huko kwenu kuna 550 nzuri tu ambayo haitakufaa.

Tuanze na hiyo 750. Ukirudi kwa jamaa omba akutolee kwenye boksi uishike, kisha igeuze upande wenye stika. Achana na yale maandishi makubwa, tafuta kijedwali kidogo chenye safu za +3.3V, +5V, +12V na kuendelea. Chini ya kila safu kuna ampea. Sasa kwenye PC ya leo, kadi ya grafiki na prosesa, ambazo ndo walaji wakubwa, wote wanakula kwenye 12V, hizo safu nyingine zinalisha vitu vidogo vidogo tu. Kwa hiyo we chukua ampea za pale kwenye 12V zidisha mara 12, hapo ndo utapata wati ambazo PC yako itazitumia kweli. Kwa mzigo wa bei hiyo usishangae ukakuta ampea 16 au 18. 18 mara 12 ni 216. Yaani ile 750 imepungua mpaka 216 hapo hapo kaunta, na hata hiyo 216 imeandikwa na mtu yule yule aliyekubali kuandika 750 kwenye boksi, kwa hiyo we amua mwenyewe kama utaiamini.

Nyingine zina ujanja kidogo, zinaandika 12V1 ampea 18 na 12V2 ampea 18 ili ujumlishe mwenyewe ufurahi. Usijumlishe. Angalia kama kuna mstari wa chini unaosema jumla ya wati za 12V zote kwa pamoja, ile ndo namba yako, na kama mstari huo haupo kabisa basi rudisha tu mzigo wa watu, sema asante uondoke. PSU ya kweli ya wati 550 utakuta 12V ina ampea 43 mpaka 45 hivi, ambayo ni karibu wati zote ilizoandika.

Sasa hesabu ya mashine yako. RTX 3060 inakula wati 170. Hiyo Ryzen 5 5600 inaandikwa 65 lakini ikikazwa inaweza kuvuta zaidi ya hapo, weka 88 kwa usalama. Mazabodi, ramu, SSD na feni weka 50. Jumla kama 310. Nvidia, wenye hiyo kadi, wanashauri PSU ya wati 550, na najua utauliza kwa nini 550 wakati hesabu inasema 310. Sababu ni kwamba kadi za siku hizi hazili kwa utaratibu, inaweza ikawa inakula 170 kwa wastani alafu kwa kipande kidogo sana cha sekunde ikaruka juu zaidi ya hapo, we huoni kitu kwenye skrini lakini PSU inaona, na ikiwa dhaifu inajizima. Ndo zile kesi za mtu anasema PC inafanya kazi zote vizuri, Word, muvi, YouTube, ila akifungua gemu baada ya dakika 10 inazima kama imechomolewa. Anabadilisha ramu, anapiga Windows upya, analipa fundi, kumbe ni PSU. Tatizo hili la kuruka lilikuwa kubwa kiasi kwamba viwango vya kutengeneza PSU vinavyoitwa ATX 3.0, vya mwaka 2022, viliweka kabisa sharti kwamba PSU ivumilie mruko wa kadi mpaka mara mbili ya wati zake kwa muda mfupi mno. Kwa 3060 huna haja ya kuhangaika na ATX 3.0, lakini kama moyoni unajua mwakani utataka kupanda hadi kadi ya RTX 4070 au 5070, chukua 650 sasa hivi umalize, kwa sababu hizo Nvidia wanazishauri 650.

Zaidi ya hapo ni kujionyesha. Kuna watu wanabeba wati 1000 kwa ajili ya 3060, sawa haina madhara, ila hiyo hela ingekununulia SSD.

Alafu ile stika ya 80 Plus. Wauzaji wengi watakuambia "hii Bronze, hii Gold" kama vile ni daraja la ubora. Sio hivyo. 80 Plus inapima kitu kimoja tu, umeme unaoingia kutoka ukutani ni asilimia ngapi inafika kwenye PC na ngapi inapotea kuwa joto. Haisemi lolote kuhusu ulinzi, haisemi kapasita (vile vikopo vya ndani vinavyohifadhi umeme) ni za aina gani, wala haisemi itadumu miaka mingapi. Mfano mzuri ni kampuni ya Gigabyte, mwaka 2021 walitangaza wenyewe kuwabadilishia wateja PSU zao za P750GM na P850GM baada ya wapimaji kuonyesha kwamba zikibebeshwa mzigo uliozidi zinaweza kulipuka badala ya kujizima, na zote mbili zilikuwa na Gold ubavuni. Kwa hiyo Gold ni nzuri ila isikulaze usingizi. Na kwa upande mwingine, hizo za elfu 55 mara nyingi zina stika ya 80 Plus iliyoprintiwa tu, maana stika haina gharama.

Kwenye LUKU Gold inasaidia kidogo tu, tusidanganyane. Chukulia PC inakula 300 ndani. PSU yenye ufanisi wa asilimia 80 itavuta 375 ukutani, yenye asilimia 90 itavuta 333. Tofauti ni wati 42, ukicheza masaa manne kila siku kwa mwezi ni kama uniti 5, sio hela ya kukutoa jasho. Ila hapo hapo kuna kitu kikubwa zaidi ambacho watu hawakifikirii: hiyo PC ikikazwa masaa manne kila siku inakula uniti 40 mpaka 45 kwa mwezi peke yake. Kama hapo nyumbani mpo kwenye tarifu ya D1, ile ya watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, fanya hesabu na mwenye nyumba kabla hujaanza kukesha, kwa sababu mkivuka mnahamishwa bei na lawama itakuwa kwako.

Turudi kwenye umeme wenyewe, maana hapa ndo Dar inatofautiana na hizo video za YouTube unazoangalia. Umesema jioni taa zinafifia. Hiyo maana yake volti zinashuka, badala ya 230 labda mnapata 180 au chini ya hapo pale mtaa mzima unapowasha pasi na majiko. Kwenye ile stika ya PSU angalia sehemu ya ingizo, imeandikwa AC Input. Ikiwa imeandikwa 100-240V basi inakubali volti zikishuka sana na bado inaendelea kufanya kazi, japo itavuta ampea nyingi zaidi na kupata joto. Ikiwa imeandikwa 200-240V achana nayo kwa mazingira yenu. Hizi zinatengenezwa kwa bei nafuu kwa nchi za 230V, zingine zina 230V kwenye jina lake kabisa, na kwa mtu anayeishi sehemu yenye umeme uliotulia sio mbaya hata kidogo, ila kwa Tabata taa zikififia PC nayo inaondoka. Ndo maana nimesema kuna 550 nzuri isiyokufaa.

Na ukiona PSU ina kile kiswichi chekundu nyuma chenye 115 na 230, ujue hiyo ni teknolojia ya zamani. Siku mtoto au fundi akikisukuma kwenye 115 wakati ukutani kuna 230, hutahitaji mtu wa kukuambia kilichotokea, utasikia.

Kingine ni umeme kurudi. Watu wanaogopa unapokatika, lakini mimi vifaa vingi ninavyoletewa vimekufa pale uliporudi, kwa sababu ule muda wa kwanza unacheza, unapanda, unashuka, unakatika tena, unarudi. PSU nzuri ina ulinzi wa volti kuzidi, volti kupungua, mzigo kuzidi, shoti, na joto, ikiona mambo mabaya inajizima yenyewe na mazabodi inapona. Ile feki ikifa inaondoka na marafiki. Nilishafungua mashine moja ambayo PSU yake ilikuwa nyepesi kama boksi la juisi tupu, ndani zile sehemu za kichujio cha umeme unapoingia hazikufungwa kabisa, kwenye bodi yamebaki matundu na michoro tu ya mahali zilipotakiwa kukaa, wameruka kwa waya wa moja kwa moja. Ilikufa ikaenda na mazabodi na SSD, mwenyewe alikuwa na kazi za chuo humo. Na tafadhali usijaribu kuifungua yako uangalie, ile kapasita kubwa inabaki na volti karibu 400 hata baada ya kuchomoa.

Kwa hiyo pamoja na PSU nunua friji gadi, ile ile ya kawaida inayouzwa kwa ajili ya friji. Inakata volti zikishuka kupita kiasi, nyingine hata zikipanda, na umeme ukirudi inasubiri dakika kadhaa ndo iachie. Utaudhika kusubiri wakati wenzako washaingia mechi, vumilia.

Sasa UPS yako. 650VA sio wati 650, hizo za hivyo nyingi zinabeba wati kama 360 tu, na betri ikishazeeka hata hizo usizihesabu. PC yako ikikazwa inavuta karibu na hapo bado hujaweka monita. Itakufaa kwa maana moja tu, umeme ukikatika upate dakika moja mbili za kusevu na kuzima vizuri, sio kumalizia mechi. Badilisha betri kwanza ndo uiunganishe, na monita na PC tu, spika na chaja za simu zikae pembeni.

Ila kuna jambo watu huwa wanalalamika, kwamba UPS ipo, inapiga kelele vizuri, betri mpya, lakini umeme ukikatika PC inazima hivyo hivyo. Hapo mara nyingi kosa sio la UPS. UPS za kawaida zikihama kutoka umeme wa TANESCO kwenda betri zinachukua milisekunde chache, 4 mpaka 10 hivi, na katika hicho kipindi PC inaishi kwa umeme uliohifadhiwa kwenye ile kapasita kubwa ya PSU. Viwango vya ATX vimezoeleka kutaka PSU ishikilie milisekunde 16 au 17 hivi. Ile ya bei ya kutupa imewekewa kapasita ndogo, haifiki huko, inadondoka kabla UPS haijamaliza kuhama. Kingine, UPS za bei rahisi zinatoa umeme wa ngazi ngazi badala ya wimbi laini, na PSU chache nzuri huwa hazipendi hilo, kwa hiyo siku ya kwanza jaribu makusudi: fungua kitu kisicho na maana, chomoa UPS ukutani, uone kama inashika. Jaribu ukiwa kwenye desktopu kwanza, kisha ukiwa ndani ya gemu.

Waya. RTX 3060 nyingi zinataka plagi moja ya pini 8, chache zina 8 na 6, iangalie ya kwako kabla hujaenda dukani. Plagi ya pini 8 imepangiwa wati 150, slotu ya mazabodi inatoa mpaka 75, ndo kadi inapata 170 zake kwa raha. PSU feki mara nyingi haina hiyo plagi, au ina ya pini 6 tu, na muuzaji atakupa adapta "bure" ya kutoa umeme kwenye SATA kwenda kwenye kadi. Usiichukue hata akulipe. Plagi ya SATA upande wa 12V inabeba wati 54 tu, ukiilazimisha kulisha kadi ya grafiki plastiki inayeyuka.

Na kama utakutana na PSU mtumba, modula, ile ambayo waya zinachomoka, haina waya zake lakini muuzaji anasema "ntakutafutia za brandi nyingine zinaingia", hapana. Upande wa mazabodi plagi zote zinafanana lakini upande wa PSU kila kampuni inapanga pini inavyotaka, wakati mwingine hata matoleo mawili ya kampuni moja hayafanani. Waya inaingia vizuri kabisa, unawasha, 12V inaenda mahali pa 5V na SSD imekwisha. Mtumba kwa ujumla sikushauri kwenye kipande hiki, bora ukanunue kasha mtumba. Joto la Dar linazimaliza kapasita haraka, kanuni inayotumika ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka uhai wa kapasita unapungua kwa nusu, sasa PSU iliyokaa miaka 6 kwenye intaneti kafe isiyo na AC unaijuaje? Angalia zenye kapasita za nyuzi 105, kampuni zinazojali zinaandika hilo kwenye maelezo yao.

Majina: Corsair CX550, Cooler Master MWE 550 Bronze, MSI MAG A550BN, Deepcool PK550D, yoyote kati ya hizo utakayoikuta Posta au Kariakoo kwa bei nzuri inabeba mashine yako bila shida, ila kumbuka kuangalia ile ya ingizo maana jina moja linaweza kuja na matoleo tofauti. Waranti ya kampuni miaka mitano ni nzuri kwenye karatasi, lakini we muulize muuzaji, ikifa baada ya miezi minane naileta kwako au naipeleka wapi? Akuandikie kwenye risiti yenye TIN, na namba ya siriali ya PSU iandikwe humo humo. Akianza kuzunguka zunguka nenda duka la pili. Kwangu mimi duka linaloandika hivyo na kuuza elfu 20 zaidi ni rahisi kuliko lisiloandika.

Ukifika nayo nyumbani, kama kasha lako lina matundu chini na wavu wa vumbi, feni ya PSU ielekee chini. Kama halina, au PC inakaa sakafuni kwenye kapeti, ielekee juu. Wavu wenyewe uoshe, barabara za huko zinavyotimua vumbi usingoje mpaka uzibe.

Na hilo la kutekenywa ukigusa kasha. Sio lazima iwe shoti kwa maana ya kitu kuungua, mara nyingi ni nyumba haina eathi, ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, au eathi ipo ila imekatwa na ile adapta ya pini mbili unayochomekea kwenye ekstensheni. Kichujio ndani ya PSU kina kapasita ndogo zinazopeleka umeme uliovuja kwenye eathi, eathi ikikosekana ule umeme unabaki kwenye bati la kasha, kama nusu ya volti za ukutani hivi, ila ampea zake ni ndogo sana ndo maana unatekenywa tu haikurushi. Lakini usiseme basi ni kawaida niache, kwa sababu siku kitu kikivuja kweli hakuna njia ya kwenda zaidi ya mwili wako, na pia unapochomeka HDMI ya tivi au monita ikiwa imewashwa hiyo tofauti ya umeme inaweza kupita kwenye plagi na kuua pote pawili. Kununua PSU mpya hakutaondoa hilo, tena PSU nzuri yenye kichujio kamili inaweza kukutekenya zaidi ya hii feki isiyo na kichujio, usije ukairudisha dukani ukidhani mbovu. Toa hiyo adapta, chomeka pini tatu moja kwa moja ukutani, na kama bado inatekenya muite fundi umeme apime soketi na aone kama nguzo ya eathi ipo nje au mwenye nyumba alichimbia ahadi tu. Mpaka apime, HDMI na waya nyingine chomeka vyote kwanza ndo uwashe ukutani.